Rangi Ikishatoweka Majini, Kimebaki Nini?

Barua ya wazi kwa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH)

Ndugu Mkurugenzi Mkuu na Makamishna wa Tume,

Lipo jaribio moja la maabara ambalo kila anayelitazama hulipenda. Lita moja ya maji hutiwa miligramu 10 za methilini buluu, yakageuka rangi ya wino. Humo huongezwa gramu moja ya unga mweupe wa titani dayoksaidi, ndugu wa ule unaozipa rangi za ukutani weupe wake, ila chembe za huu ni ndogo kupindukia: kila moja ina upana wa takriban nanomita 20, hata unene wa unywele mmoja ungeenea chembe zaidi ya 3,000 zikipangwa mstari. Chombo hukorogwa na kuwekwa juani saa sita mchana. Buluu huanza kupauka, ikawa samawati, ikafifia, na kabla ya alasiri, unga ukishachujwa, maji huwa maangavu. Watazamaji hupiga makofi, na wana haki, kwani kemia iliyomo humo ni ya kweli na ina historia ya heshima. Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walichapisha ugunduzi kwamba titani dayoksaidi ikipigwa na mwanga huweza kuyatenganisha maji. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani wakaonyesha kuwa unga huo huo huharibu sianidi iliyomo majini. Tangu hapo maelfu ya makala za kitaalamu yameandikwa, na mengi yanaishia pale pale penye makofi. Tume ndiyo inayoratibu utafiti nchini na kuusimamia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia. Naandika kuiomba iweke sharti moja kwa kila andiko la kuomba fedha na kila ubunifu wa aina hii: mtafiti aonyeshe ni nini kimebaki ndani ya maji baada ya rangi kutoweka.

Nianze na sababu za kuitetea teknolojia yenyewe, maana barua hii si ya kuipinga. Mwanga wenye nguvu ya kutosha ukiipiga chembe ya titani dayoksaidi, elektroni moja huruka kutoka mahali pake na kuacha tundu. Tundu hilo lina njaa ya elektroni, basi huinyang'anya molekuli ya maji iliyo jirani, na maji yaliyonyang'anywa hugeuka radikali ya hidroksili. Elektroni iliyoruka nayo huchukuliwa na oksijeni, ikazaa washirika wengine wakali. Radikali ya hidroksili haichagui. Ikikutana na molekuli ya rangi ya nguo, ya kiuatilifu au ya dawa ya hospitali, huishambulia hapo hapo, na mashambulizi yakiendelea, molekuli hiyo huvunjwa kipande kwa kipande hadi ibaki hewa ya ukaa, maji na chumvi chache. Umri wa radikali hiyo haufiki sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwa hiyo haisafiri mbali. Uchafu sharti uufikie uso wa chembe. Hapo ndipo udogo unapolipa: gramu moja ya unga huo ina uso wa takriban mita 50 za mraba, sawa na sakafu ya nyumba ndogo ya familia. Na unga wenyewe hauishi kazini, kama mafiga yasivyoishia motoni. Bakteria wa kwenye mabwawa ya majitaka hawawezi kazi hii. Wao hula kinachoweza kuliwa, na rangi za viwandani zimeundwa makusudi zisiliwe, zisipauke, zisitoke kwenye nguo.

Neno la kushika katika maelezo hayo ni "mashambulizi yakiendelea". Rangi ni sehemu ndogo tu ya molekuli, na ndiyo sehemu dhaifu. Inaweza kutoweka kwa njia kadhaa zisizohusiana kabisa na kusafisha maji. Akina mama wa vikundi vya batiki wanalijua hili vizuri. Wanapotumia rangi za jamii ya nili huzichanganya na kostiki soda na haidrosalfaiti kwenye maji ya moto. Ndani ya beseni buluu hupotea, mchanganyiko ukawa kijani kilichoingia unjano, na mtu asiyejua angedhani rangi imeharibika. Kisha kitambaa kinatolewa, kinaanikwa, hewa inakigusa, na buluu inarudi taratibu mbele ya macho. Hakuna kilichovunjwa beseni lilipobadili sura. Molekuli ilipokea elektroni tu, na hewa ikazichukua tena. Methilini buluu ina tabia hiyo hiyo: ikipewa elektroni hupoteza rangi, na ikikutana na oksijeni huweza kuirudisha. Tena hunata kwenye unga, kwa hiyo sehemu ya rangi iliyotoweka majini huwa imehamia kwenye chembe bila kuguswa. Na kwa kuwa yenyewe hunasa mwanga, hupauka juani hata pasipo unga wowote. Mtafiti asiyeweka chombo cha pili kisicho na unga, na cha tatu chenye unga lakini kimefunikwa gizani, bado hajathibitisha kitu, hata maji yake yang'ae kiasi gani.

Lililo zito zaidi ni lile la kuvunja nusu. Zaidi ya nusu ya rangi za nguo zinazotumika duniani ni za jamii ya azo, ambazo rangi yake hubebwa na atomi mbili za naitrojeni zilizoshikana. Kikikatwa kiungo hicho kimoja, rangi imekwisha. Lakini vipande vinavyobaki mara nyingi ni amini, na baadhi ya amini hizo ni hatari kuliko rangi iliyozizaa. Mojawapo, benzidini, inajulikana kusababisha saratani ya kibofu cha mkojo. Ni kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2002 kupiga marufuku kwenye nguo zinazogusa ngozi zile rangi za azo zinazoweza kuachia amini za namna hiyo. Sasa fikirieni mto Msimbazi, unaoshuka kutoka vilima vya Pugu, ukapita katikati ya Dar es Salaam penye bustani za mchicha, hadi baharini kwenye Daraja la Salender. Maji mekundu au ya zambarau humwonya mkulima: anayaona, anasita, pengine anangoja yapite. Maji yale yale yakiwa meupe na amini zimo ndani, atachota na kumwagilia. Kwa hiyo mtambo unaoondoa rangi na kuishia hapo unaweza kumwondolea mkulima onyo lake la pekee. Mwanga ukiachwa ufanye kazi muda wa kutosha utazivunja na hizo amini. Lawama basi si ya titani dayoksaidi; ni ya mtu aliyesimamisha saa mapema kwa sababu macho yake yameridhika.

Kipimo cha kuyasahihisha macho tunacho, na tayari kimo kwenye sheria. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinataka majitaka yanayomwagwa yasizidi COD ya miligramu 60 kwa lita. COD ni kiasi cha oksijeni kinachohitajika kuunguza kikemikali karibu kila uchafu wa asili ya kaboni uliomo, uwe na rangi au usiwe nayo. Hebu tulipime kwa rula hiyo jaribio la methilini buluu. Miligramu 10 za rangi hiyo kwenye lita moja, kwa hesabu ya kemia yake tu, zinahitaji oksijeni takriban miligramu 20 ili ziungue zote. Maana yake ni kwamba maji yale ya wino, kabla hayajaonja jua, kwa upande wa COD tayari yamo ndani ya sheria mara tatu. Majitaka halisi ya kiwanda cha kutia nguo rangi huanzia mamia ya miligramu, na mara nyingi huvuka 1,000. Jaribio tunalolipigia makofi limechagua adui ambaye kipimo cha COD hakimhesabu hata kuwa adui.

Na si wingi tu. Maji ya maabara huwa yamekenekwa, hayana kitu ila rangi moja. Maji yanayotoka kwenye mashine ya kutia rangi yana chumvi nyingi iliyotumika kuisukuma rangi iingie kwenye pamba, yana magadi, yana wanga uliopakwa kwenye nyuzi kabla ya kufumwa, yana sabuni na nyuzinyuzi. Kila kimoja kati ya hivyo hula sehemu ya radikali kabla hazijaufikia uchafu tunaoulenga. Juu ya hayo maji ni meusi, na mwanga hauingii zaidi ya kina kidogo. Chembe zilizoko chini zimelala gizani, na chembe iliyo gizani ni vumbi tu. Mtafiti mwenye matokeo mazuri kwenye maji yaliyokenekwa amejibu swali la kemia, jambo jema. Swali la majitaka hajaligusa. Tume ina haki ya kumwambia arudi na dumu la maji yaliyotekwa kwenye bomba la kiwanda, yakiwa na uchafu wake wote.

Kuhusu nguvu ya mwanga, hapa ndipo maandiko mengi yanapostahili kukataliwa mapema. Taa za urujuanimno ni rahisi kuzifunga maabara, na matokeo yake huja haraka. Ila mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani walikusanya na kulinganisha takwimu za njia mbalimbali za aina hii zilizochapishwa duniani. Kupunguza uchafu fulani mara kumi kwenye mita moja ya ujazo ya maji kwa ozoni kulihitaji chini ya uniti moja ya umeme. Kwa chembe za titani zinazomulikwa na taa kulihitaji zaidi ya uniti 100. Mita moja ya ujazo ni ndoo 50 za lita 20. TANESCO ina daraja la wateja wa majumbani ambao matumizi yao hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Kusafisha ndoo 50 kwa taa kungeteketeza umeme unaozidi wa nyumba ya daraja hilo kwa mwezi mzima. Hakuna kiwanda kitakachokubali, na kikikubali basi moshi wa kituo cha umeme utakuwa umechukua nafasi ya rangi mtoni. Kinachobaki ni jua. Wapo wanaosema jua nalo halitoshi, kwani titani dayoksaidi huamshwa na miale ya urujuanimno tu, ambayo haizidi sana asilimia 5 ya nguvu ya jua inayofika ardhini. Ni kweli, na ndiyo sababu duniani kote wanahangaika kutengeneza chembe zinazoitikia mwanga wa kawaida. Baadhi ya juhudi hizo ni nzuri. Baadhi zinatumia kadimi, metali yenye sumu ambayo ni wazimu kuipeleka kwenye maji kwa jina la kuyasafisha. Lakini asilimia 5 ya jua la nyuzi 7 kusini mwa ikweta haitumiwi ankara. Kinachokosekana kwa nguvu hufidiwa kwa eneo na muda. Wakati wa masika kazi itapungua, ingawa haitasimama kabisa, kwa kuwa sehemu ya miale hiyo hupenya mawingu. Mtambo usanifiwe kwa siku mbaya, uwe na tangi la kungojea.

Mfano wa kazi iliyotoka nje ya maabara upo kusini mwa Uhispania, kwenye kituo cha utafiti cha Plataforma Solar de Almería, jirani na bahari ya mashamba ya mboga yaliyofunikwa kwa plastiki. Tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakiyapitisha maji machafu ndani ya mabomba ya kioo yaliyolazwa juu ya mabati ya kuakisi yaliyopindwa, ili jua liyafikie mabomba pande zote. Nawataja kwa sababu ya unyofu wao. Walipofikia kazi yenyewe, ya kusafisha maji yaliyosuuzia chupa tupu za viuatilifu, waliegemea zaidi chumvi za chuma na haidrojeni peroksaidi, njia nyingine inayozaa radikali zile zile kwa msaada wa jua. Hawakuwa wameoa unga mweupe. Walimtafuta aliyefanya kazi vizuri kwa gharama ndogo, na nasi tuwe hivyo. Kama mkaa maalumu wa kuchujia au ozoni utaushinda mwanga kwenye kiwanda fulani, utumike huo.

Pingamizi kubwa kuliko yote linatoka kwa watu wenye nia njema. Wanasema wakazi wengi wa Dar es Salaam hawajaunganishwa hata kwenye mtandao wa majitaka, kipindupindu bado ni mgeni wetu wa mara kwa mara, na katika hali hiyo chembe nano ni anasa. Nakubaliana nao juu ya mpangilio: bomba kwanza, bwawa kwanza, bakteria kwanza. Teknolojia hii ni kituo cha mwisho na haimpokei mtu aliyeruka vituo vya kabla yake. Lakini mabwawa yakishajengwa yote bado yatayapitisha yale yasiyolika. Watafiti wa Kenya wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji wamezikuta kwenye maji ya mito ya Nairobi dawa za kupunguza makali ya VVU, miongoni mwao nevirapini, zidovudini na lamivudini. Utafiti mkubwa ulioongozwa na Chuo Kikuu cha York na kuchapishwa mwaka 2022 ulipima dawa kwenye mito 258 katika nchi 104, na karibu robo ya vituo vilivyopimwa vilikuwa na angalau dawa moja kwa kiwango kinachoweza kudhuru viumbe wa majini. Mito ya Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa miongoni mwa iliyoathirika zaidi. Huko ndiko kuliko na kazi ya mwanga: maji machache, uchafu mdogo lakini sugu, mahali panapojulikana. Bomba la hospitali baada ya bwawa lake. Mahali pa kuoshea mabomba ya kupulizia viuatilifu kwenye shamba la maua. Ua la kikundi cha batiki. Mto mzima hautasafishwa hivi, na anayeahidi hilo asipewe fedha.

Wengine wanahofia chembe zenyewe, na hofu hiyo isipuuzwe. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka titani dayoksaidi kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, likiangalia hasa vumbi lake linapovutwa mapafuni, na mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye vyakula. Jawabu ni kwamba unga usiachwe huru majini. Ugandishwe kwenye kigae, kokoto au kioo. Kasi itapungua kwa kuwa sehemu ya uso hufichika, nasi tukubali hasara hiyo, kisha maji yanayotoka yapimwe titani pia. Yapo vilevile maneno kwamba fukwe zetu zina mchanga wa titani, kama ule uliochimbwa Kwale, Kenya, kuanzia mwaka 2013 hadi mwisho wa 2024, na kwamba kwa hiyo tunakalia dawa ya maji machafu. Mchanga huo wa Kwale ulisafirishwa kwa meli ili kutengeneza rangi nyeupe, na kuugeuza chembe nano ni kiwanda kingine kabisa. Mtambo wa majaribio unahitaji kilo chache tu za unga. Mjadala wa madini uendelee kwenye meza yake.

Mwisho lipo la vijana. Itasemwa kuwa masharti haya yatawavunja moyo wabunifu wa mashindano ya kitaifa ya MAKISATU na wanafunzi wa uzamili wasio na mashine za bei mbaya. Basi Tume isiwape masharti mikono mitupu. Ilipie vipimo kwenye Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa kila andiko litakalopita mchujo wa kwanza: COD na jumla ya kaboni, kabla na baada. Kipimo cha sumu kiwe rahisi kadiri inavyowezekana. Watafiti wa dawa za asili Muhimbili wamelitumia kwa miaka mingi jaribio la vijiduvi vya maji chumvi, nalo halihitaji zaidi ya mayai ya viduvi hao, chumvi na taa. Mbegu za mchicha zinaweza kuoteshwa kwa maji yaliyosafishwa zikalinganishwa na zilizooteshwa kwa maji ya bomba. Mwanafunzi anayejua kuhesabu mbegu zilizoota anaweza kutuambia jambo ambalo macho yaliyoshangilia buluu hayakuliona.

Ombi langu ni kwamba tangazo lijalo la maandiko litamke wazi: maji yatoke kwenye bomba halisi, mwanga uwe wa jua, chembe ziwe zimegandishwa, na matokeo yaripotiwe kwa COD, kaboni na sumu, rangi ikitajwa mwishoni. Kisha mchague mahali pamoja, ua la kikundi kimoja cha batiki kilichokubali kwa hiari, mkajenge hapo mtambo wa mita moja ya ujazo kwa siku, uendeshwe mwaka mzima, masika na kiangazi. Matokeo yabandikwe kwa Kiswahili mahali ambapo wakulima wa mchicha wa bondeni watayasoma. Na COD ikikataa kushuka chini ya 60, liandikwe hivyo hivyo.